Tsunami kwa shilingi 1,000: kibanda cha video hapa Bombo, Uganda

Jumapili iliyopita niliingia kibanda cha video kilicho nyuma ya steji ya boda, mimi na mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja. Mtu mzima shilingi 1,000, mtoto 500. Siku nyingine ni mapigano ya Kichina kwa Kiganda, lakini Jumapili mchana mwenye kibanda huweka filamu za makala, na VJ, yaani msimulizi wa filamu, anatafsiri kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya wateja ni askari au watoto wa askari. Safari hii ilikuwa tsunami.

Kukaa ni benchi la mbao lisilo na mgongo. Kwa mstaafu kama mimi, saa mbili pale ni adhabu ya kambini. Mabati juu, joto chini, spika zinapiga mpaka kifuani.

VJ ana kipaji, simnyimi haki yake. Ilipofika Banda Aceh, kisiwani Sumatra, Indonesia, 26 Desemba 2004, maji meusi yanapita kati ya nyumba yamebeba magari na mapaa, alinyamaza. VJ kunyamaza! Kisha akasema taratibu, "Jamani, haya si maji tena, huu ni mji unatembea." Hata muuza njugu alisimama mlangoni. Waliokufa ni zaidi ya 220,000 katika nchi 14, na saa saba hivi baadaye wimbi lilikuwa limefika Somalia, likaua karibu 300. Hapo niliketi wima. Nimelinda Mogadishu, bahari ile nimeitazama kila asubuhi nikiwaza maadui wa nchi kavu tu.

Kwenye sababu ndipo alipoharibu. Kwake kila kitu ni "bahari imekasirika". Mjukuu akaniuliza imekasirishwa na nani. Nikatoa chapati zetu mbili kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikaingiza moja chini ya mwenzake, nikasukuma. Ya juu ikajikunja, nilipoachia ikafyatuka. Ndiyo Sumatra hiyo: bamba la India, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, linajisukuma chini ya jirani yake, ukingo wa juu unanasa na kupindwa miaka na miaka, siku ukiachia unainua maji yote yaliyo juu yake. Mpasuko ule ulikuwa na urefu wa kilomita kama 1,300, unazidi barabara ya Kampala hadi Mombasa. Krakatau, Indonesia, 1883, ni kesi nyingine: mlima wa moto ulilipuka na kuporomoka, na wengi wa watu zaidi ya 36,000 waliokufa waliuawa na mawimbi.

Kosa ambalo bado sijasamehe: sehemu ya Sanriku, Japani, 1896, waliirusha mbele, ati ni michoro tu, haina mshindo. Binti yangu anafundisha jiografia, ndiye aliyenisimulia. Jioni ile watu walikuwa wanasherehekea askari waliorudi vitani. Ardhi ikatikisika kidogo tu, hakuna aliyejali. Nusu saa na ushei, wimbi likaingia. Wavuvi waliokuwa mbali hawakuhisi kitu, maana kwenye kina kirefu wimbi hilo huinuka kidogo mno. Waliporudi wakakuta vijiji vyao vinaelea. Walikufa watu kama 22,000. Neno lenyewe tsunami ni la Kijapani, maana yake wimbi la bandarini, na ukishaisikia habari ya wale wavuvi huhitaji kuelezwa kwa nini.

Mwishoni maswali yanaruhusiwa, jambo zuri. Mama muuza mukene, dagaa wetu, akauliza kama ziwa letu, Victoria, linaweza kufanya hivyo. VJ: "Ziwa letu ni pole, mama." Watu wakacheka. Nikasimama nikawaambia habari ya Vajont, Italia, 1963: mlima uliporomokea bwawa, maji yakaruka ukuta, watu karibu 2,000 wakafa bondeni, na chumvi haikuwamo. Watu wa Bududa, kule mlima Elgon, wanajua mlima unavyoshuka. Lakini ziwa letu kina chake ni mita 80 hivi tu, na upande wetu halina majabali ya namna ile juu yake, kwa hiyo mama na alale.

Mwenye kibanda alinifuata nje. "Afande, Jumapili ijayo ni milima ya moto. Njoo ukae mbele na VJ, hulipi."

Nitakwenda. Kiti nitabeba changu.