Rimu nyepesi za Subaru: pima tundu la katikati kabla hujapenda rangi

Mwezi wa tatu nilitoka Kariakoo na rimu nne za rangi ya shaba, inchi 17, PCD 5x100 (nati tano kwenye duara la milimita 100). Nilimwuliza muuzaji kama zinaingia kwenye Impreza WRX ya 2003. "Zinaingia bila wasiwasi, dada." Kweli, ziliingia. Nilipopita Mlandizi kwenye spidi 100, usukani ukaanza kutetemeka kama mashine ya kukoboa. Fundi akabalansi mara tatu, na mara zote mashine ikasoma sifuri.

Mara ya nne tukaivua tairi ya mbele, tukaishikiza tu kwenye habu (kile kitovu kinachoingia kwenye tundu la katikati la rimu) bila nati. Nikapitisha kidole kidogo kati ya habu na rimu. Kikapita!

Kipenyo cha habu ya Subaru hii ni milimita 56.1. Rimu nyingi za kubandika (zisizotoka na gari kiwandani) hutobolewa 73.1 ili ziuzwe kwa kila mtu, mwenye Altezza (60.1) na mwenye BMW (72.6). Kwangu rimu ilikuwa imeshikwa na nati peke yake, na fundi akikaza gari likiwa chini, inakaa upande. Mashine ya balansi haiwezi kuona kosa hilo, kwa sababu yenyewe hushika rimu kwa koni kupitia tundu lilelile. Dawa ni ringi za habu, za kuziba nafasi kati ya habu na rimu, 73.1 kwa 56.1, na ziwe za alumini. Za plastiki joto la breki huweza kuzilegeza. Na tundu likiwa dogo kuliko habu, usimruhusu mtu alichonge.

Rimu namba moja kwangu, na sijifichi, ni Enkei RPF1. Ya 17x7.5 ina kilo 7 na kidogo, na ukishaifunga unalisikia gari likiruka matuta kwa wepesi. Nayo ina tundu la 73, kwa hiyo ringi ziko palepale. Kipenzi hakikosi kasoro.

Namba mbili: rimu za BBS zilizovuliwa kwenye STI (Impreza kali kuliko WRX) ya 2004. Zimefuliwa (kwa shinikizo la mashine, si kwa sabuni), na tundu lake ni 56.1 kamili, huna haja ya ringi. Ila angalia mwaka: STI za toleo la 2005 zilihamia 5x114.3, wakati WRX ilibaki 5x100. Wauzaji wanazichanganya kila siku.

Namba tatu ni Rays TE37, iliyotoka 1996 na kupewa jina kwa kilo 3.7 za ile ya inchi 15. Ni rimu bora kuliko zote hapa. Nimeishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu kopi zake zimejaa mjini.

Kopi za bei chee? Tafuta alama za JWL na VIA, za Kijapani za viwango na ukaguzi wa rimu. Hazipo, ondoka.

Halafu hii ya "bei njoo inboksi". Unakwenda inboksi, unaulizwa kwanza unaendesha gari gani, ndipo bei inapozaliwa. Ukiuliza tundu ni milimita ngapi: "Tundu gani tena, dada?" Siku hizi naenda na venia, kile kipimo cha milimita, kwenye mkoba, na wapo wanaonuna nikiitoa.

Zile za shaba bado ziko stoo. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Altezza alikuja kuziulizia. Nikamwambia 5x100 haimwingii, nati za gari lake ziko kwenye duara jingine, akasema muuzaji wake amemhakikishia inaingia.