Seti ya mipira (atomu) na vijiti ya kufundishia bondi, yaani vile atomu zinavoungana: kwa maji safi, kwa chumvi inapoteza watoto

Nimeinunua Darajani kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha 2, na kwa maji wallahi inafaa, mtoto anaishika oksijeni na haidrojeni zake 2 anaona zilivopinda. Tatizo chumvi. Wanaunga sodiamu moja na klorini moja kwa kijiti wanasema hii ndo molekyuli ya chumvi, wakati kwenye chumvi hamna molekyuli, kila ayoni (atomu yenye chaji) ya sodiamu imezungukwa na za kloridi 6. Na kijiti kikichomoka ta! wanadhani bondi ikivunjika inatoa nishati, kumbe kuvunja ndo kunakula nishati, kuunga ndo kunaitoa. Mie siku hizi naanza na chumvi ya mawe na lenzi, wazione zile pembe za chembe zake, wajue ayoni zimejipanga kwa safu si mbili mbili, vijiti baadae.