Autoruns kwenye laptopu ya Senje: uzoefu wangu wa kuondoa mabaki ya virusi

Senje yangu, yaani shangazi, hufundisha shule ya msingi upande wa Khayega, Kakamega, na laptopu yake ndiyo ofisi yake. Humo mna maazimio ya kazi ya miaka minne, alama za wanafunzi, hesabu za chama cha akina mama ambacho yeye ndiye mweka hazina, na picha za mazishi ya babu ambazo hazipo mahali pengine popote. Kwa hiyo aliponipigia simu mwezi wa Novemba akasema, "Mwanangu, hii mashini imeingiliwa tena," sikulichukulia kuwa jambo dogo.

Neno "tena" ndilo lililonishtua, kwa sababu kompyuta hiyo ilikuwa imeshasafishwa. Mwanzo wa yote, alikuwa anatafuta programu ya kugeuza PDF iwe Word ili arekebishe maazimio aliyopewa na mwalimu mwenzake. Kiungo cha kwanza kilichojitokeza kilikuwa tangazo la kulipiwa. Akakibofya, akasakinisha alichopewa, na kweli PDF ikageuka. Jioni ile ile kurasa za kamari zikaanza kujifungua zenyewe. Fundi mmoja akamtoza shilingi 1,000, akaendesha programu ya kuzuia virusi, ikakamata vitu kadhaa na kuvifuta. Siku mbili zikapita shwari. Ya tatu mambo yakarudi: kila akiwasha kompyuta, dirisha jeusi linachomoza na kupotea kabla hujasoma neno hata moja, kisha unakuja ujumbe kwamba Windows haiipati faili fulani inayoishia na .vbs (faili ya maagizo kwa kompyuta), kisha Chrome inamtupa kwenye mtambo wa utafutaji asioujua kila akitafuta kitu.

Jumamosi moja ya likizo ya Desemba nilipanda matatu Kisumu, nikashuka Khayega saa nne hivi asubuhi. Mfukoni nilikuwa na flashi yenye programu moja ninayotaka kuieleza hapa, inaitwa Autoruns.

Autoruns ni ya Sysinternals, mkusanyiko wa zana za Windows ulio kazi ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell. Microsoft ilinunua kampuni yao mwaka 2006, na tangu hapo programu zao zinatolewa bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Ni faili ndogo ya zip. Huisakinishi, unaifungua, unachagua Autoruns64 kama Windows yako ni ya biti 64, unaiendesha kama msimamizi. Niliipakua nikiwa nyumbani Kisumu kwa makusudi, maana kompyuta ambayo kivinjari chake kinapotoshwa si ya kupakulia dawa yake.

Inachofanya ni kitu kimoja tu: inakuonyesha kila kinachojiwasha chenyewe ndani ya Windows, popote kilipojificha. Si vile tu unavyoviona kwenye orodha ya kawaida ya programu za kuanzia. Kuna vichupo vya kuingia kwenye akaunti, huduma, madereva ya vifaa, kazi zilizopangiwa saa, na vingine vingi ambavyo mtu wa kawaida hajawahi kuvisikia. Na hapo ndipo mabaki ya virusi hukaa. Virusi vina pande mbili: faili yenyewe, na amri inayoiambia Windows iifungue. Programu ya kuzuia virusi hukamata faili. Amri ikibaki, Windows inaendelea kutii, ikitafuta faili isiyokuwepo, au, mbaya zaidi, amri yenyewe inakwenda kuileta faili upya kutoka kwenye intaneti.

Kabla sijagusa chochote nilizima Wi-Fi, nikanakili kazi zote za Senje kwenye diski ya nje. Hilo lilichukua karibu saa nzima na lilistahili kila dakika. Kisha nikaiagiza Microsoft Defender, programu ya kuzuia virusi iliyomo ndani ya Windows, ifanye uchunguzi wa haraka. Ikasema hakuna kitu. Senje akanitazama. Nikamwambia asubiri kwanza.

Nikafungua Autoruns. Kichupo cha kwanza, Everything, kilimwaga mistari mingi mno hivi kwamba Senje aliweka kikombe chini. Rangi ndizo zinazosaidia. Mstari wa njano unamaanisha kuna amri lakini faili inayoitwa haipo. Waridi unamaanisha faili ipo ila haina sahihi ya mtengenezaji inayothibitika. Unaweza pia kuficha vitu vya Microsoft ili ubaki na vya wageni, na watu wengi hushauri hivyo. Mimi nafanya yote mawili: naficha kwanza, halafu naonyesha vyote na kupitia mara ya pili, kwa sababu hasidi (programu yenye nia mbaya) wa siku hizi hupenda kutumia zana za Windows yenyewe.

Njano ilikuwa moja tu ya kunisimamisha. Kwenye Scheduled Tasks, yaani kazi zilizopangiwa saa, kulikuwa na kazi yenye jina la kuvutia imani, kana kwamba inasasisha kitu muhimu, nayo ilikuwa inaita ile faili ya .vbs kutoka kwenye folda iliyofichwa ndani ya AppData, mahali ambapo programu huweka data zake. Huo ndio ujumbe uliokuwa ukimkera Senje kila asubuhi. Fundi alifuta faili, kazi ikabaki ikiita mtu aliyekwisha kuondoka.

Lakini dirisha jeusi lilikuwa halijapata maelezo, na ndilo lililokuwa na sumu. Nililipata katika mzunguko wa pili, wakati vitu vya Microsoft vinaonekana. Kazi nyingine, imepangwa kuanza kila mtu anapoingia kwenye akaunti, inaita PowerShell, chombo cha Windows cha kuendesha amri. Hakuna njano, hakuna waridi. Nilikuwa nimewasha intaneti ya simu kwa muda ili Autoruns iulize VirusTotal, ile huduma inayolinganisha alama ya faili na injini zaidi ya 70 za kugundua virusi, na jibu likarudi sifuri. Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa PowerShell ni chombo halali cha Microsoft. Ubaya ulikuwa kwenye maneno yaliyoifuata, ambayo Autoruns huyaonyesha chini ukibofya mstari: amri ya kuficha dirisha, kisha mlolongo mrefu wa herufi zilizosimbwa zisizosomeka. Hakuna programu ya kuchapisha au ya kamera ya HP, kampuni iliyotengeneza laptopu hii, inayohitaji kujificha hivyo. Dirisha lile jeusi lilikuwa PowerShell ikichomoza kwa sekunde moja kabla ya kutii amri ya kujificha.

Naomba mtu yeyote atakayejaribu njia hii akumbuke hapo. Sifuri ya VirusTotal inahusu programu inayoitwa, haihusu ilichoagizwa kufanya.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na njia ya folda ile ya AppData, nilirudi kwa Defender, nikafungua mipangilio yake hadi kwenye orodha ya vitu inavyoambiwa isivichunguze. Folda ile ile ilikuwa imeandikwa humo. Senje hajawahi kufika kwenye ukurasa huo maishani mwake. Hasidi alipoingia aliomba ruhusa ya msimamizi, Senje akabofya ndiyo kama sote tunavyofanya, na kwa ruhusa hiyo akamwambia mlinzi asitazame chumba kimoja. Niliondoa maandishi hayo, nikazima zile kazi mbili, nikaagiza uchunguzi wa Defender Offline, ambapo kompyuta inajizima na kuchunguzwa kabla Windows haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Iliporudi, historia ya ulinzi ilikuwa na faili mbili zilizokamatwa, zote kutoka folda ile.

"Kumbe ni kama sangari," Senje akasema. Ana shamba la mahindi nyuma ya nyumba na anajua sangari ni nini: unafyeka majani, unaona shamba jeupe, wiki ya pili limechipuka kwa sababu nyuzi zimo udongoni. Sina maelezo bora kuliko hayo.

Nilikosea mahali pamoja. Kulikuwa na mstari wa waridi wa programu ya ile padi ya kugusa, na kwa kuwa sikulitambua jina lake, niliuondolea alama ya tiki, ile inayouruhusu kujiwasha. Baada ya kuwasha upya, vidole viwili havikusogeza tena ukurasa. Nilirudisha alama, padi ikapona. Ndiyo maana nasisitiza: ondoa alama kwanza, usifute. Autoruns ukiondoa alama huzima tu, unaweza kurudi nyuma. Ukifuta, umefuta. Zile kazi mbili nilizifuta jioni, baada ya kompyuta kuwashwa mara tatu bila dirisha jeusi wala ujumbe.

Chrome ilibaki, na hapa Autoruns haikusaidii, kwa kuwa haiorodheshi viendelezi vya Chrome, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Kwenye menyu ya kivinjari palikuwa na maneno kwamba kinasimamiwa na shirika. Senje hana shirika. Ukiandika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani unaona sheria zilizowekwa, na ilikuwepo moja, ExtensionInstallForcelist, inayolazimisha kiendelezi kisakinishwe na kumnyima mwenye kompyuta kitufe cha kukiondoa. Sheria hiyo hukaa ndani ya rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, chini ya Policies, Google, Chrome. Nilihifadhi nakala ya sehemu hiyo, nikaifuta, nikafungua Chrome upya, kitufe cha kuondoa kikarudi. Kwa laptopu ya shule au ya kampuni, usifanye hivyo kabla ya kumuuliza anayeisimamia, huenda sheria ni zao halali.

Matangazo ya kamari yaliyokuwa yakichomoza pembeni hayakuwa virusi hata kidogo. Zilikuwa arifa za tovuti alizoziruhusu bila kujua, pengine kwa kubofya "Ruhusu" ili kuthibitisha kwamba si roboti. Nilizifuta kwenye mipangilio ya arifa, dakika mbili, yakaisha.

Halafu jambo ambalo fundi hakulitaja kabisa: nywila. Amri iliyosimbwa na inayoleta vitu kutoka nje inaweza kuwa imeiba chochote kilichohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa simu yangu, si kwa laptopu ile, tulibadilisha nywila ya Gmail yake, tukaitoa kwenye vifaa vyote, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha akaunti ya TSC (tume inayoajiri walimu) anakochukulia hati ya mshahara, iTax ya kodi, na eCitizen ya huduma za serikali. Senje alikuwa ametumia nywila moja kwa zote nne. Aliogopa kweli alipofikiria mtu akiona hati yake ya mshahara, na sikumtuliza kwa maneno matamu. Tuliandika mpya kwenye daftari analofungia kabatini pamoja na hati ya shamba.

Je, ningeipendekeza Autoruns? Kwa mtu aliye tayari kukaa na kusoma mstari baada ya mstari, ndiyo, kwa moyo wote. Ni bure, haina matangazo, haikuombi ununue toleo lingine ili ikufanyie kilicho muhimu. Lakini haikuamulii lolote. Haisemi hiki kibaya, hiki kizuri. Maandishi yake yote ni Kiingereza, na mtu atakayefuta kila cha waridi anaweza kuamka na kompyuta isiyowaka. Kwa mtu wa namna hiyo ningesema aanze na Defender, aangalie orodha ya visivyochunguzwa, aangalie chrome://policy, na yakirudi baada ya hapo asakinishe Windows upya.

Na kusakinisha upya ndiyo njia ya uhakika zaidi, sikatai. Nilimweleza Senje hivyo. Alikuwa na wiki tatu tu kabla ya muhula wa kwanza na hakukumbuka Word yake ilisajiliwa kwa akaunti gani, kwa hiyo tuliamua kusafisha kwa makini na kutazama. Laptopu yenyewe ni EliteBook 840 G3 ya mtumba, ya kichakataji cha kizazi cha 6, ambacho hakimo kwenye orodha ya vichakataji vinavyokubaliwa na Windows 11. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi Jumamosi ile ile nilimsajili kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza.

Kabla ya kuondoka nilihifadhi hali ya Autoruns kama faili, kwenye diski ya nje. Programu ina uwezo wa kulinganisha hali ya leo na ile iliyohifadhiwa, na chochote kilichoongezeka hutiwa kijani.

Likizo ya Aprili nilirudi na diski ile ile. Dirisha jeusi halikuwa limeonekana tena tangu Desemba. Niliagiza ulinganisho, Senje akavuta kiti akakaa karibu, miwani puani. Mistari ikapita. Kijani ilikuwa moja. Tukalisoma jina pamoja: dereva wa printa ambayo chama kilinunua mwezi wa Februari. Akavuta laptopu upande wake, akafungua jedwali la alama za muhula.