Mwanasaikolojia Amwinda Mwalimu Mtekaji

Riwaya ya James Patterson ya mwaka 1993, Along Came a Spider, niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kandokando ya Barabara ya Tom Mboya, jalada likiwa limeshikizwa kwa gundi, nikaisoma ndani ya matatu hadi nikapitiliza kituo changu. Alex Cross, mpelelezi wa Washington aliyesomea saikolojia, anamwinda Gary Soneji, mwalimu wa hisabati aliyewateka wanafunzi wawili, na uhondo wenyewe haumo katika risasi bali katika mazungumzo yao ya ana kwa ana, ambamo msomaji hubaki akijiuliza kama mhalifu huyu ni mgonjwa wa akili kweli au anaigiza. Sura ni fupi, zinasomeka haraka. Mapenzi ya Cross, kwa maoni yangu, yangepunguzwa.