Uwanja Ulio Nyuma ya Wavu: Tathmini ya Makumbusho ya Besiboli ya Kansas City

Kitu cha kwanza anachokutana nacho mgeni wa Negro Leagues Baseball Museum, makumbusho ya ligi za besiboli za wachezaji weusi, katika mtaa wa 18th and Vine, Kansas City, jimboni Missouri, ni wavu wa waya wa aina ile inayojengewa mabanda ya kuku. Nyuma ya wavu huo umetengenezwa uwanja mdogo wa besiboli, na ndani yake zimesimama sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja katika nafasi yake. Mgeni anauona uwanja wote, ila hawezi kuuingia, kwa kuwa njia inampeleka kwanza kwenye kumbi za historia, na mpaka azimalize zote ndipo anapofikia mlango wa uwanjani. Mwanzoni niliudhani wavu ule kuwa pambo la wabunifu. Baadaye nikaelewa kwamba katika baadhi ya viwanja vya kusini mwa Marekani watazamaji weusi walitengwa na watazamaji weupe kwa wavu wa namna hiyo hiyo, hata pale walipokuja kutazama mchezo mmoja na kulipa kiingilio kama wenzao.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa besiboli. Najua kwamba mrushaji hurusha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia besi baada ya besi hadi arudi alipoanzia. Ujuzi huo unatosha kabisa, kwa sababu makumbusho haya, ingawa yamejaa glavu, fulana na mipira, yanahusu zaidi watu waliofungiwa mlango na walichokifanya wakiwa nje.

Maelezo yanaanzia karne ya 19, wakati Moses Fleetwood Walker alipoichezea timu ya Toledo katika ligi kuu mwaka 1884, kabla ya wenye timu kuelewana kimyakimya kutowasajili tena watu weusi. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa, na pengine ndiyo sababu ilikuwa vigumu kuipinga. Jibu lilipatikana umbali wa hatua chache tu kutoka yalipo makumbusho leo: tarehe 13 Februari 1920, Rube Foster aliwakutanisha wenye timu wenzake katika jengo la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, la barabara ya Paseo, wakaunda Negro National League ikiwa na timu nane. Ni jambo la busara kwamba waanzilishi wa makumbusho, walioanza mwaka 1990 kwa ofisi ya chumba kimoja, hawakuyapeleka mbali na eneo hilo.

Sehemu iliyonishika kwa muda mrefu ni ile ya maisha ya safarini. Timu ilisafiri kwa basi usiku kucha, na mara nyingi wachezaji walilala humo humo kwa kuwa hoteli za njiani hazikuwapokea. Waliweza kushangiliwa mchana na mji mzima, kisha jioni wakakosa mahali pa kuuziwa chakula isipokuwa kwa kupitishiwa dirisha la nyuma. Hapo ndipo umuhimu wa mitaa kama 18th and Vine unapoeleweka, kwa maana ilikuwa na hoteli, vinyozi na kumbi za muziki ambako mchezaji alipokewa kama mtu. Ubunifu nao haukukosekana: mwaka 1930 J. L. Wilkinson, mmiliki wa Kansas City Monarchs, alianza kuzunguka na taa zinazobebwa kwa malori ili timu yake icheze usiku, miaka mitano kabla ya ligi kuu kufanya hivyo.

Mtu anayeonekana karibu kila kona ni Buck O'Neil, na nadhani ni haki yake. Alizaliwa Florida mwaka 1911, akafanya kazi katika mashamba ya seleri huko Sarasota, na hakuweza kusoma katika shule ya sekondari ya mji huo kwa sababu ya rangi yake. Cheti cha heshima cha shule hiyo alikipokea mwaka 1995, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Akiwa na Monarchs alilinda besi ya kwanza, kisha akawa kocha mkuu wa timu, na mwaka 1962 Chicago Cubs walimfanya kuwa kocha wa kwanza mweusi katika ligi kuu. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba siku ya Pasaka ya mwaka 1943, mjini Memphis, alipiga mipigo yote minne, kuanzia ule wa besi moja hadi ule wa kuzunguka uwanja mzima, na jioni yake akakutana na Ora, mwalimu aliyekuja kuwa mke wake kwa miaka 51. Ukimuuliza siku bora ya maisha yake, basi, jibu lilikuwa na sehemu mbili, na huwezi kusema ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 2006 kamati maalumu ilichagua watu 17 wa enzi hizo kuingia katika ukumbi wa heshima wa besiboli mjini Cooperstown, na yeye akaachwa. Alikwenda vivyo hivyo, akasimama jukwaani kuwasemea wale 17, wote wakiwa marehemu, na akaufanya umati ushikane mikono na kuimba. Alifariki Oktoba mwaka huo huo, na jina lake liliingizwa mwaka 2022. Nilisimama mbele ya habari hiyo kwa muda nikijiuliza kama mimi ningekubali hata kupanda ndege.

Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja mwiko ule wa ligi kuu, amepewa nafasi yake, ingawa si kubwa kama mgeni anavyoweza kutarajia, na uamuzi huo naukubali. Kwamba aliichezea Monarchs mwaka 1945, kisha tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, ni habari inayojulikana kote. Kisichosemwa sana ni gharama yake. Branch Rickey, kiongozi wa Dodgers, hakuilipa Monarchs hata senti moja kwa mchezaji huyo. Effa Manley, aliyeendesha timu nyingine ya weusi, Newark Eagles, pamoja na mumewe, alikataa kufanyiwa hivyo, na mchezaji wao Larry Doby alipohamia Cleveland mwaka huo huo wa 1947, Eagles ililipwa dola 15,000. Hata hivyo mashabiki weusi waliwafuata nyota wao kwenye viwanja vipya, mapato yakapungua, na Negro National League ya pili, iliyokuja baada ya ile ya Foster kuvunjika, ikafungwa baada ya msimu wa 1948. Makumbusho hayamfichi mgeni kwamba mlango uliofunguliwa kwa wachache uliwaacha wengine wengi, pamoja na madereva, wauza tiketi na wenye hoteli, bila kazi.

Natamani Toni Stone angepewa ukuta mzima. Mwanamke huyu alilinda besi ya pili kwa timu ya Indianapolis Clowns mwaka 1953, na alipotakiwa avae sketi uwanjani alikataa, akacheza kwa suruali kama wenzake. Niliipita pia haraka mipira takriban 200 yenye sahihi za wachezaji, iliyotolewa na mwanamuziki Geddy Lee wa Kanada. Mpenzi wa sahihi atakaa hapo saa nzima.

Ndipo hatimaye mlango unafunguka. Satchel Paige yuko katikati, amejiandaa kurusha. Martín Dihigo, Mcuba aliyeweza kucheza karibu kila nafasi, ameshika gongo. Na nyuma yake Josh Gibson, mdakaji, amechutama na glavu yake. Hapa hakuna kamba wala kioo, kwa hiyo nilichutama kando ya Gibson nione anachokiona. Alifariki Januari 1947, akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia Brooklyn. Mwaka 2024, takwimu za ligi hizi zilipounganishwa na za ligi kuu, wastani wake wa .372, yaani mipigo 372 iliyofanikiwa katika kila majaribio 1,000, ulimweka juu ya wapigaji wote wa historia, mbele ya Ty Cobb mwenye .367.

Atakayekwenda atenge saa mbili au tatu, na aanze na filamu fupi inayosimuliwa na James Earl Jones. Jengo hilo hilo lina makumbusho ya jazi, lakini singeshauri kuyaunganisha katika mchana mmoja. Kutoka uwanjani niligeuka nikatazama wavu kwa upande wa ndani, na nyuma yake walikuwa wamesimama wageni waliofika hivi punde, wakitutazama.