Fingolimodi au rituksimabu: ngozi inasemaje?

Mgonjwa wa multipo sklerosisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) anayetumia dawa ya kupunguza kinga huuliza mara nyingi kipi kina nafuu kwa ngozi, kidonge cha fingolimodi cha kila siku au dripu ya rituksimabu, ambayo kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi 6.

Kwa upande wa saratani ya ngozi, rituksimabu ina unafuu, kwani fingolimodi imehusishwa na saratani hiyo, hasa ile inayoanza kama kivimbe kidogo king'aavu. Ngozi nyeusi hupunguza hatari bila kuifuta, na juu yake kivimbe hicho huwa cheusi, hata mtu akakidhania baka la kuzaliwa. Anayeanika dagaa ufukweni, jua likimpiga kutoka juu na kutoka majini, atahitaji kofia pana, mikono mirefu na daktari wa kumkagua ngozi.

Rituksimabu nayo huweza kuleta vipele, muwasho na homa dripu ikiendelea, hasa ya kwanza, na kabla yake hupimwa homa ya ini B. Mkanda wa jeshi unawezekana kwa zote mbili. Asiye na kinga ya tetekuwanga huchanjwa kabla ya kuanza fingolimodi.

Mkazi wa kisiwa cha Ukerewe anayeona safari ya Mwanza kufuata dawa kuwa mzigo huenda akapendelea dripu, kwa sababu fingolimodi ikikatika ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Anayepata dawa bila kukosa, na kushinda kivulini, anaweza kuchagua kidonge.