Hoteli ya spa ya pwani, Varberg Uswidi: pesa yako iko kwenye ngazi, masaji achana nayo

Haya, habari zenu, karibuni. Leo tuko Varberg, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Uswidi, kusini ya Göteborg, na tunachambua kile mlichokiulizia sana: kulala kwenye hoteli ya spa iliyo ufukweni. Vyumba sionyeshi. Kitanda ni kitanda, ila kwao watu wawili wanalala kitanda kimoja na kila mtu ana duveti lake, na hilo nalipatia alama kumi kwa kumi. Kifungua kinywa ni meza ndefu ya samaki wa siki, mtindi, mikate mikavu na kahawa ya kujimwagia. Mmeshayaona kwenye picha. Nianze na kinachoudhi, maana nikianza na ninachokipenda hatutoki hapa.

Bei. Angalia kwenye skrini. Hoteli nimeiziba jina kwa sababu mtindo huu ni wa karibu hoteli zote. Tuseme namba kubwa imeandikwa kronor 1,900. Unaona, unafurahi. Sasa shuka chini, kwenye maandishi ya sisimizi: kwa kila mtu, kwenye chumba cha watu wawili. Kwa hiyo wewe na mwenzako ni 3,800. Kronor kumi ni kama dola moja hivi, piga hesabu mwenyewe. Ukienda peke yako hulipi nusu, unaongezewa gharama ya kukaa chumba kizima. Na masaji haimo! Kifurushi cha kawaida ni chumba, chakula cha jioni, kifungua kinywa na kuingia spa. Kukandwa, kusuguliwa chumvi, kufunikwa mwani, vyote unalipia pembeni na unaweka nafasi mapema, kwa sababu Jumamosi inajaa kabla hujamaliza kufikiria.

Kabla hujalipa, waandikie hoteli, uliza haya. Kuingia spa ni siku zote mbili au ni saa chache tu walizokupangia? Chumba utakipata saa tisa alasiri, na kesho yake saa tano asubuhi unatoka, kwa hiyo kama spa unaruhusiwa kuanzia saa sita mchana, fika saa sita, acha begi mapokezi, ingia majini. Hizo saa tatu umeshazilipia. Joho la taulo na ndala vimo, au unakodi? Watoto wanaruhusiwa kuanzia umri gani na saa ngapi? Na usiku wa Jumapili unauzwaje? Mara nyingi ndio usiku wa bei nafuu kuliko wote, na spa inakuwa na watu wachache.

Haya. Sasa ngazi.

Hii hapa. Ngazi ya chuma, imefungwa kwenye gati la mbao, inashuka moja kwa moja baharini. Kwa macho yangu hiki ndicho kitu pekee kwenye hoteli nzima ambacho huwezi kukipata kwenye hoteli nzuri ya mjini popote duniani. Na inawezekana hapa kwa sababu ambayo mtu wa pwani yetu ataielewa haraka: bahari hii ya Kattegat karibu haina kupwa na kujaa. Dar es Salaam au Unguja, siku za bamvua, maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi. Ngazi yako asubuhi iko majini, mchana inaning'inia juu ya mchanga na kaa wanaishangaa. Hapa tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo ngazi inafanya kazi saa zote, na unaweza kujenga nyumba nzima ya kuogea juu ya nguzo.

Na wamejenga. Geuza kamera pale. Zile kuba zenye umbo la kitunguu, ukiziona kwa mbali utadhani umefika Uarabuni: ile ni Kallbadhuset, nyumba ya kuogea baridi, ya mwaka 1903. Ni ya tatu. Ya kwanza ilisombwa na dhoruba mwaka 1884, ya pili ikaondoka na dhoruba ya Krismasi ya 1902. Maji hapa karibu hayapandi kwa mvuto wa mwezi, lakini upepo wa magharibi ukiamua, yanapanda. Ndani wanawake upande wao, wanaume upande wao, na desturi ni kuvua zote. Ndiyo, zote. Kwenye spa ya hoteli, ambako wanachanganyika, kwa kawaida unavaa nguo za kuogelea, ila soma kibao cha mlangoni. Kamera huko ndani ni marufuku kabisa, ndiyo maana nawaonyeshea hapa nje kwenye gati la wazi.

Raha yenyewe ni mzunguko: sauna, yaani chumba cha mbao chenye joto kali, halafu baharini. Unaanzia kwenye joto. Unaoga kwanza kwa sabuni, bila nguo, hata kama utavaa ya kuogelea baadaye. Unajikausha, kwa sababu ngozi kavu inatoka jasho vizuri zaidi. Unaingia na taulo la kukalia, jasho lako lisiguse ubao. Vua cheni, hereni, saa, kibanio cha chuma: kwenye nyuzi 80 au 90 chuma kinakuunguza. Pete vua kwa sababu nyingine, vidole vinasinyaa kwenye baridi na pete inateleza chini ya gati, na hapo ndio umeagana nayo.

Benchi ya chini na ya juu si sauna moja. Tofauti yake inaweza kufika nyuzi 20 na zaidi, kwa hiyo mgeni aanze chini, au akae katikati na miguu juu ya benchi. Dakika nane hadi kumi na mbili zinatosha. Kumwaga maji kwenye mawe: omba ruhusa kwa walioko ndani, chota kata moja, mwaga taratibu, subiri mvuke ukuzunguke. Sio ndoo nzima! Na majiko mengi ya hotelini ni ya umeme, kwa hiyo usimwagie maji ya bahari, chumvi inakula koili. Wala usidondoshee mafuta ya manukato moja kwa moja juu ya mawe, yanashika moto. Ukitaka kutoka, keti kwanza na miguu chini kama dakika moja. Mishipa imetanuka, presha imeshuka, ukisimama kwa pupa unaona giza. Hapo ni rahisi kuanguka.

Sasa baridi. Sogeza kamera. Ndala zenye meno chini, kwa sababu mbao hizi zikipata barafu ni sabuni. Taulo na joho vinaning'inizwa hapa, mkono unapofika kutoka ngazini. Unashuka umeiangalia ngazi, mikono yote miwili kwenye vyuma, kama unavyoshuka darini. Maji yakifika kiunoni, simama. Hapa ndipo mwili utakudanganya kwamba unakufa: pumzi inakatika, unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka. Kazi yako ni moja, toa pumzi ndefu kwa mdomo. Tena. Tena. Halafu mabega yaingie. Kichwa hapana, na kupiga mbizi hapana kabisa, kwa sababu ile pumzi ya kushtuka ikikukuta chini ya maji unavuta maji. Nusu dakika ya kwanza ndiyo mbaya, baada ya dakika moja au mbili pumzi inatulia.

Na hapo ndipo wengi wanakosea. Pumzi imetulia, wanasikia raha, wanakaa. Maji yananyonya joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa. Vidole vinakufa ganzi kabla ya kichwa kugundua, na ngazi inataka vidole. Majira ya baridi maji haya yako nyuzi 2 hadi 5. Mgeni nusu dakika, dakika moja, basi, panda ukiwa bado unaweza kukunja ngumi. Ukishatoka mwili unaendelea kupoa kwa dakika kadhaa, kwa hiyo jikaushe, vaa joho na kofia, ndipo urudi kwenye sauna, tena benchi ya chini. Mizunguko miwili au mitatu, maji ya kunywa katikati. Pombe baadaye, sio katikati. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya juu au mjamzito aongee na daktari kwanza. Na usishuke peke yako, hata kama unaogelea kama papa. Halafu maji ya Kattegat yana chumvi kidogo kuliko ya Bahari ya Hindi, hayakubebi kama ya Bagamoyo.

Dada zangu, nywele. Wigi la gundi acha chumbani, jasho na joto vinalegeza gundi. Rasta funga kwa kanga au kitambaa cha pamba kikavu, au kofia ya sufu, wenyeji wanazo na hawatakushangaa. Mafuta jipake baada ya yote, sio kabla, yanaelea kwenye bwawa na wahudumu hawayapendi.

Sasa swali ambalo najua mmeshaliandika huko chini: kama raha yote ni ngazi na sauna, hoteli ya nini? Kwenye Kallbadhuset unalipa kiingilio tu, kidogo sana ukilinganisha na kifurushi. Kwa kweli kama unaishi Göteborg, panda treni asubuhi, ni chini ya saa moja, oga, kula, rudi nyumbani. Usilipe hoteli. Hilo ndilo jibu langu la kiangazi. Kiangazi maji yanafika nyuzi 18 hadi 20, Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, na ufukwe wa Apelviken ni bure. Ila Agosti angalia konyeza wale wekundu, viumbe laini kama jeli wanaoelea majini, nyuzi za miili yao zinachoma. Suuza kwa maji ya bahari, usisugue.

Lakini Novemba hadi Machi... hapana, lipa hoteli. Desemba jua linachomoza kama saa tatu kasoro asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Kutoka kwenye sauna, ukajikokota na nywele mbichi kwenye upepo hadi kituo cha treni, hiyo sio starehe tena. Hapo joho na lifti ya kukupeleka chumbani vina thamani ya pesa. Kwa hiyo nimesema usilipe na nimesema lipa, yote mawili yanabaki.

Washindani: Ystad Saltsjöbad, kusini kabisa mwa Uswidi, ni ya mwaka 1897, iko mchangani kabisa, na kwa anayetokea Malmö ndiyo rahisi kufika. Farris Bad ya Larvik, Norwe, ya 2009, ni kubwa na ya kisasa, na Norwe nayo ina bei zake, mnazijua. Varberg nawapa ushindi kwa nyumba ya kuogea, na kwa sababu mkichoka kuoga kuna ngome yenye makumbusho hatua chache tu.

Mnaotoka nyumbani na pasi za Tanzania au Kenya, viza ni ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada yuro 90 kwa mtu mzima, na nafasi ya hoteli iliyothibitishwa inasaidia kwenye maombi, kwa hiyo chukua ile inayoruhusu kughairi. Kutua Copenhagen ni sawa tu, treni ya Öresund inapita uwanja wa ndege na kufika Varberg bila kubadilisha. Beba kadi, sehemu nyingi hawapokei pesa taslimu.

Video ijayo ni Larvik, na tutafanya moja kwa moja ili muulize wenyewe. Bonyeza kengele, na andika hapo chini: unataka nipime ya Denmark au turudi Ystad?